Amri za Docker kwa mtu anayehesabu megabaiti

Karibu na Arua Park hapa Kampala, mabasi ya West Nile yanapopakia, kuna kompyuta ya mezani imelala chini ya kaunta, kando ya gunia la mihogo mikavu ambalo mwenyewe hajaja kulichukua. Hiyo ndiyo seva yetu. Inaendesha mfumo wa kuandikisha vifurushi: nani katuma, mzigo unakwenda Arua, Koboko au Nebbi, kalipa hapa au atalipa mpokeaji. Vyote vimo ndani ya makontena ya Docker, programu inayoendesha kila mfumo ndani ya boksi lake peke yake. Vijana wawili wananisaidia, mmoja kwao Bombo, mwingine kaja kutoka Bunia, na lugha tunayoelewana sote watatu ni Kiswahili. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao kwanza. Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari. Miaka minne ya kazi Mombasa ndiyo iliyoninyooshea ngeli.

Tuanze na imeji na kontena, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Umewahi kuona watu wakifyatua matofali bondeni? Imeji ni kalibu, kontena ni tofali. Kalibu moja inatoa matofali mengi, na tofali likivunjika kalibu bado ipo. Imeji inakaa kwenye diski imetulia, haibadiliki. Ukiiendesha, Docker inakufyatulia kontena: programu inayopumua, yenye jina lake, mtandao wake na mafaili yake. Tofauti na tofali ni kwamba kontena likiandika kitu, linakiandika kwenye utando mwembamba uliowekwa juu ya imeji, na ukilifuta kontena utando nao unaondoka. Shikeni hilo, nitalirudia kwa uchungu huko mbele.

Kwenye Ubuntu, aina ya Linux tunayotumia, nilisakinisha Docker kwa `sudo apt install docker.io`, basi. Ukiandika amri ukaambiwa "permission denied", jiongeze kwenye kundi la docker:

`sudo usermod -aG docker $USER`

Kisha toka kwenye akaunti uingie tena. Lakini jueni kwamba aliyemo kwenye kundi hilo ana nguvu sawa na mkuu wa mashine nzima. Mtoto wa jirani anayekuja kucheza gemu asiwemo.

Sasa tupakue imeji. Sisi hifadhidata yetu ni Postgres:

`docker pull postgres:16-alpine`

Kilicho baada ya nukta mbili ni lebo. Usipoiweka, Docker inajaza `latest` yenyewe, na watu wanadhani maana yake ni toleo jipya kuliko yote. Siyo. Ni jina tu, aliyetengeneza imeji ndiye anaamua alibandike wapi. Leo linaweza kuwa toleo hili, mwakani jingine, na data ya Postgres ya toleo kubwa la zamani haifunguki hivihivi na toleo kubwa jipya. Andika namba. Nayo `alpine` ni Linux ndogo mno, imeji yake tupu haifiki megabaiti 10, kwa hiyo imeji zilizojengwa juu yake kwa kawaida ni nyepesi kuliko ndugu zao. Kwa mwenye bando la wiki, hiyo ni hoja tosha.

Wakati wa kupakua utaona mistari mingi ikikimbia pamoja. Kila mstari ni tabaka. Imeji inajengwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka ambalo tayari unalo halipakuliwi tena. Utaona imeandikwa "Already exists". Ndiyo maana napenda programu zetu zote zisimame juu ya msingi mmoja. Ulizonazo unazitazama kwa `docker images`.

Kijana wa Bombo siku yake ya kwanza aliandika hivi:

`docker run -d --name daftari postgres:16-alpine`

Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikamtemea mfuatano mrefu wa herufi na namba, akashangilia. Akaandika `docker ps`. Hakuna kitu, vichwa vya safu tu. Akaendesha tena amri ileile, akaambiwa jina `/daftari` lina mwenyewe. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa kweupe.

`docker ps` inaonyesha makontena yaliyo hai tu. Wafu unawaona hivi:

`docker ps -a`

Lilikuwepo, limeandikwa `Exited (1)`. Sifuri kwenye mabano maana yake programu ilimaliza kazi ikaondoka kwa amani. Namba nyingine ni dalili ya ugonjwa. Mkiona 137, kontena limeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu kumbukumbu (RAM) ya mashine imekwisha. Moja ni kosa la programu yenyewe, na programu huwa inasema ilichokufa nacho:

`docker logs daftari`

Jibu lilikuwa pale pale: hifadhidata haijaanzishwa na nenosiri la mkuu halijatolewa. Imeji ya Postgres inakataa kuanza bila nenosiri. Kwa hiyo tukalifuta lile kontena kwa `docker rm daftari`, tukaandika upya, safari hii kwa ukamilifu:

```
docker run -d --name daftari \
  --restart unless-stopped \
  -e POSTGRES_PASSWORD=weka-lako-hapa \
  -e POSTGRES_DB=vifurushi \
  -v daftari-data:/var/lib/postgresql/data \
  -p 127.0.0.1:5432:5432 \
  postgres:16-alpine
```

`-d` inalipeleka nyuma ili terminali ibaki yako. `-e` inatia thamani ndani ya kontena. Na nenosiri ukilitia hivi, yeyote mwenye ruhusa ya `docker inspect`, amri ya kuchungulia mpangilio wa kontena, atalisoma, kwa hiyo lisiwe lile la simu yako ya pesa. `-p` ni mlango: kushoto upande wa mashine, kulia upande wa kontena. Ile `127.0.0.1` msiiache. Bila hiyo, mlango unafunguka kwa kila aliye kwenye mtandao, na Docker inapita kando ya kanuni za ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, yaani hata kama umeweka ukuta wa moto unaweza kujidanganya kwamba umefunga.

`--restart unless-stopped` ndiyo amri ya Kampala. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa kumi, mashine ikawaka, kontena linaamka lenyewe. Ila soma jina lake vizuri: ukilisimamisha kwa mkono, halitaamka hata mashine ikizimwa na kuwashwa mara kumi. Kijana wa Bunia alilisimamisha jioni kwa ajili ya kunakili mafaili, akasahau. Asubuhi basi la kwanza limewasha taa, foleni imefika barabarani, na mfumo umelala. Dawa ni neno moja, `docker start daftari`. Si `run`. `run` inafyatua tofali jipya, `start` inaliamsha lililopo.

Na `docker stop daftari` haiui ghafla. Inaliomba kontena lifunge kazi, inasubiri sekunde 10, ndipo inakata. Hifadhidata inahitaji huo muda, kwa hiyo achaneni na `docker kill` isipokuwa kontena limeganda.

Sasa lile la uchungu, `-v`. Inaunganisha folda ya ndani ya kontena na voliumu, yaani ghala linaloishi nje ya kontena. Kontena likifutwa, ghala linabaki. Njia hiyo niliyoandika ni ya Postgres 16; kuanzia toleo la 18 folda imebadilishwa, msinakili bila kutazama.

Mwaka wa kwanza sikuweka `-v`. Mfumo ukaenda vizuri miezi mitatu. Nisichojua ni kwamba imeji ya Postgres yenyewe inaomba ghala, na usipolipa jina Docker inalitengeneza bila jina, inaliita kwa herufi na tarakimu 64 ambazo hakuna mtu atazikumbuka. Siku moja nikabadilisha kontena, nikafuta la zamani, nikaanzisha jipya, hifadhidata tupu. Data ilikuwa bado ipo, ndani ya lile ghala lisilo na jina, ningetulia ningeiona kwa `docker volume ls`. Sikutulia. Diski ilikuwa imejaa pia, nikasoma mahali fulani kwamba hii inasafisha:

`docker system prune --volumes`

Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu y. Inafuta makontena yaliyosimama, imeji zisizo na jina, na maghala yasiyo na jina ambayo hayatumiki. Ghala langu lilikuwemo.

Mwenye duka alikuja na vitabu vya risiti vya kaboni, vinane, akaviweka juu ya kibodi. "Mwanangu," akaniambia, "hivi havihitaji umeme." Nilisema, "Ndiyo, Haji." Tuliandika upya vifurushi vya miezi mitatu kwa siku nne, Hajati akisoma, mimi nikichapa.

Kwa hiyo diski ikijaa, kwanza pima:

`docker system df`

Itakuonyesha imeji zinakula kiasi gani, makontena kiasi gani, maghala kiasi gani, na ni kiasi gani kinaweza kuokolewa. Halafu futa kwa mafungu. `docker container prune` kwa makontena yaliyosimama, ila angalia `docker ps -a` kwanza, maana lile ulilolisimamisha jioni nalo ni mfu machoni pake. `docker image prune` kwa imeji zilizopoteza jina, zile zinazoandikwa `<none>`. Imeji moja unaiondoa kwa `docker rmi` na jina lake. Ikikataa, kuna kontena bado linaitegemea, hata lililosimama. Maghala niachieni mimi.

Kitu kingine kinachokula diski kimyakimya ni kumbukumbu za `docker logs`. Kwa mpangilio wa kawaida hazina ukomo. Ongeza hizi kwenye `run`:

`--log-opt max-size=10m --log-opt max-file=3`

Kuingia ndani ya kontena lililo hai:

`docker exec -it daftari sh`

Andika `sh`, si `bash`, maana imeji nyingi za alpine hazina bash. Ukimaliza andika `exit`, kontena litaendelea na shughuli zake. Lakini usirekebishe mafaili humo ukadhani umetengeneza. Ule utando mnaukumbuka. Ninachokitumia zaidi ni hiki, cha kunakili data yote ya hifadhidata, kila jioni kabla ya kufunga:

`docker exec daftari pg_dump -U postgres vifurushi > vifurushi.sql`

Faili linatua nje, kwenye folda uliyosimama, na linakwenda kwenye flashi ya Hajati. Msiweke `-t` katika amri hiyo, inachafua miisho ya mistari.

Tulipofungua tawi Arua, sikutaka wapakue imeji upya kwa bando lao. Imeji inafungika kama kifurushi kingine chochote:

`docker save postgres:16-alpine | gzip > pg16.tar.gz`

Nikaitia kwenye flashi, nikaiandikishia risiti kama mteja, ikapanda basi la usiku, ikavuka daraja la Karuma, asubuhi ikapokelewa. Kule wakaandika:

`docker load -i pg16.tar.gz`

Haikupungua hata megabaiti moja ya bando. `save` inabeba imeji tu, haibebi ghala, kwa hiyo data inasafiri peke yake kama faili la `.sql` na inaingizwa hivi baada ya kontena kuwaka:

`docker exec -i daftari psql -U postgres vifurushi < vifurushi.sql`

Mara ya pili tuliwatumia imeji wenzetu wa Nebbi, wao wana Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha bodi moja, badala ya kompyuta ya kawaida. Ikapakia vizuri, `docker images` ikaionyesha, ila kila wakiwasha inakufa na `exec format error`. Prosesa za aina mbili, ARM ya Raspberry Pi na hizi zetu za amd64, haziongei lugha moja. Ikabidi nipakue nyingine hapahapa, nikiitaja aina:

`docker pull --platform linux/arm64 postgres:16-alpine`

Nikaifunga, nikaipeleka kwa basi la siku iliyofuata. Jina na lebo ni zilezile kwa zote mbili, kwa hiyo baada ya kutuma niliipakua tena ya kwangu kwa `--platform linux/amd64`, na sasa kila flashi inayoondoka hapa nimeibandika plasta yenye jina la mji na aina ya mashine.