Kurekebisha vidole vya kontrola ya ngoma kwenye tramu kuukuu

Kontrola ya ngoma ni swichi ya dereva: mpini huzungusha ngoma yenye mapande ya shaba, na vidole vya shaba vyenye springi huyagusa ili kupeleka umeme kwenye mota. Ikirusha cheche kupita kiasi, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha vidole. Anza na mkao wa vidole kwanza.

Nyaya za tramu hizi hubeba takriban volti 500 hadi 600 za DC (mkondo mnyoofu). Teremsha mlingoti wa kuchukulia umeme, ufunge kwa kamba, zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa mita. Kinga za cheche za zamani huenda zina asbesto: usizikwangue wala kuzipuliza kwa kompresa. Waachie wenye vifaa vyake.

Futa vumbi la shaba kwa kitambaa kikavu, hasa katikati ya vidole, maana hapo ndipo umeme hupata njia ya mkato. Vinundu vilivyoyeyuka kwenye mapande ya ngoma viondoe kwa tupa laini, ukifuata mviringo. Msasa wa emeri usiuguse. Chembe zake hunasa ndani ya shaba na kuikwangua daima.

Sasa vidole. Kikiwa nje ya pande, ncha ya kidole iwe chini kidogo kuliko uso wa pande, ili ngoma ikizunguka kinyanyuke kama milimita 1.5. Kikinyanyuka kidogo mno, springi haina mkandamizo na shaba hupata moto. Kikizidi, hugonga ukingo wa pande, hutafuna shaba, hata kunasa ngoma ikirudishwa. Rekebisha kwa skrubu, kaza nati ya kufungia, kisha pima tena, kwani nati hupenda kusogeza skrubu. Alama ya mguso ienee upana wote wa kidole. Springi iliyobadilika rangi kwa joto itupe.

Paka vaselini kiduchu tu. Ikizidi, huchanganyika na vumbi la shaba ikawa uji unaopitisha umeme.

Koili ya sumaku inayozima cheche imeungwa mfululizo na mota. Kaza viungo vyake. Jaribu pia kufuli: mpini wa mwelekeo usisogee mpaka mpini mkuu uwe sifuri.

Barabarani, pandisha mpini hatua moja moja, lakini kuzima rudisha mpini kwa mkupuo. Usikae kwenye hatua zenye rezista (vipunguza mkondo), zitaungua. Kaa kwenye hatua ya mfululizo kamili (mota zimeungwa moja baada ya nyingine) au sambamba kamili (kila mota hupata umeme kwa njia yake), zisizo na rezista. Tramu ikishtuka kwenye hatua moja ileile kila mara, kagua kidole cha hatua hiyo, kisha gridi ya rezista iliyokatika.