Kung'oa mtundulu kwenye shamba lililofunga

Msimu uliopita nilikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, nikimsaidia shemeji kufungua ekari 40 za malisho zilizofungwa na mtundulu, ule mti wa miiba wenye ua linaloning'inia, waridi juu na njano chini. Wengine wanauita mkulagembe. Ni mti wetu wa asili, lakini mifugo ikizidi na nyasi zikiisha, unajaza nafasi yote. Kuba, ambako ulipelekwa, wanauita marabú na umemeza mashamba.

1. Gawa eneo. Piga mikuza ya kupitisha mkokoteni, upate vipande vya ekari moja moja. Anza na kipande chenye mitundulu michache. Kilichofunga kabisa kiache mwisho.

2. Funga vitambaa kwenye migunga na mikwaju ya kubakiza.

3. Toa mzizi. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilikata ekari 3 mwezi Septemba, usawa wa goti, nikachoma. Kufika Februari kila kisiki kilikuwa na machipukizi saba, manane, na mengine yameibuka hatua mbili pembeni, juu ya mizizi. Anayejua kisiki hai, ile njia ya kurudisha miti kwa kutunza machipukizi ya visiki, na Dodoma tunaojua ni wengi, anaielewa nguvu hiyo. Moto peke yake hausaidii. Jembe la trekta ndilo silitaki kabisa: linakata mizizi vipande, na vipande vinachipua.

Tumia sululu, baada ya mvua ya pili au ya tatu. Kiangazi udongo wa Kongwa ni saruji; ni miongoni mwa mambo yaliyowashinda Waingereza na matrekta yao kwenye mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Zungushia shina, kata mzizi mkuu shubiri moja chini ya ardhi, kisha shika mizizi ya pembeni uivute kama kamba. Ardhi ikipasuka mstari mbele yako, endelea kuufuata.

Shina nene lisilochimbika likate usawa wa ardhi, upake triklopiri, dawa ya kuua magugu, iliyochanganywa na dizeli, kwa brashi, pale pale. Siku moja tulikata asubuhi tukapaka jioni. Visiki karibu vyote vikachipua. Sasa mmoja anakata, mwenzake yuko nyuma yake na kopo. Vaa glavu, fuata kipimo cha lebo, nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usiipake kando ya korongo lenye maji.

4. Tandaza matawi penye ardhi tupu. Miiba inalinda nyasi changa. Ukitaka kuchoma mkaa, tafuta kibali kwanza.

5. Ingiza mbuzi machipukizi yakiwa laini. Lakini wanapenda pia yale maganda yaliyojikunja, na mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi. Wakitoka penye maganda, sisi tunawafunga zizini siku 4 kabla ya kuwapeleka kwenye kipande safi.

6. Rudi kila baada ya mvua na sululu ile ile. Shemeji amemaliza vipande 6. Cha kwanza tayari kina nyasi za kufika magotini.