Kulinda Springi za Lori Linapoegeshwa Pamoja na Tela
Chagua ardhi tambarare na ngumu, kwa sababu gurudumu moja likiwa mtaroni usiku kucha, chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) hujipinda na mzigo huelemea springi za upande mmoja. Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kusimama palepale baada ya kukata kona: tela lenye ekseli tatu huburuza matairi kwa ubavu, na mkazo huo hubaki kwenye bushi (vikombe vya mpira kwenye viungio vya springi), kwa hiyo, songa mbele mita chache ukiwa umenyooka, ndipo uvute breki. Zuia magurudumu kwa kabari. Iwapo tela linabebwa na mifuko ya upepo, usiondoke asubuhi kabla mifuko haijajaa na kuinua bodi kwenye kimo chake cha kawaida.