Kibao cha namba cha pikipiki ya zamani: jinsi ya kukirudisha kilivyokuwa

Nimeona pikipiki za miaka ya 1950 zilizofufuliwa vizuri hadi nati ya mwisho, halafu nyuma zimefungwa kibao cha njano kinachomeremeta kama cha pikipiki ya juzi. Kazi ya miezi inaharibiwa na kipande cha plastiki. Maelezo haya ni ya pikipiki zilizosajiliwa Uingereza, nchi ambayo bado inaruhusu kibao cheusi chenye herufi nyeupe, cha mtindo wa zamani.

Hatua ya 1: Hakikisha namba yenyewe

Kabla hujagusa msasa, zima taa, kisha mulika kibao cha nyuma kwa tochi kutoka ubavuni. Rangi ya brashi huacha kingo, na kingo hizo huonekana hata chini ya matabaka matatu ya rangi nyeusi. Piga picha. Kuna pikipiki niliyonunua kama chuma chakavu ambayo namba yake niliipata hivyo, tarakimu moja baada ya nyingine.

Linganisha ulichokiona na hati ya usajili, V5C. Angalia pia kama namba inaendana na umri: herufi ya mwaka mwishoni mwa namba ilianza 1963, kwa hiyo pikipiki ya 1956 yenye herufi hiyo ilipewa namba hiyo baadaye. Kama namba ya asili imepotea kwenye kumbukumbu za DVLA (mamlaka ya usajili wa vyombo vya moto Uingereza), iombe upya kwa fomu V765. Utahitaji ushahidi wa wakati ule, kama kitabu cha zamani cha usajili au daftari la halmashauri lililo kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, na klabu inayotambuliwa ikuthibitishie maombi. Ushahidi ukikosekana, unaweza kupewa namba nyingine inayolingana na umri wa pikipiki.

Hatua ya 2: Ruhusa ya kibao cheusi

Pikipiki iwe imeundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980, na iwe imeingizwa kwenye daraja la kodi la vyombo vya kihistoria. Watu wengi husahau sharti hilo la pili. Umri peke yake hautoshi, na kibao kisichofuata sheria kinaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000.

Ila kuruhusiwa si sawa na kufaa. Vibao vinavyoakisi mwanga vilikuwa lazima kwa vyombo vipya kuanzia 1973. Pikipiki ya 1977 ilitoka dukani na kibao cha njano nyuma, kwa hiyo ukiifunga cheusi unaizeesha kwa nguvu.

Hatua ya 3: Kuandika

Vibao vya bati lililobonyezwa herufi vinapendeza, na muuzaji aliyesajiliwa atakutengenezea ukimpelekea V5C na kitambulisho. Hata hivyo, tazama picha za zamani: pikipiki nyingi ziliandikwa kwa mkono. Mimi hupenda brashi.

Sugua bati kwa msasa wa maji, paka praima, kisha rangi nyeusi ya mafuta mara mbili, na uiache ikauke kabisa. Herufi za nyuma ziwe na kimo cha milimita 64, upana wa milimita 44, na unene wa mstari milimita 10. Tarakimu 1 ni nyembamba, kwa hiyo usiinyooshe ijaze nafasi. Chora kwanza kwenye karatasi ya ukubwa wa kibao, ibandike, rudi nyuma hatua tano, utazame. Macho yataona mpangilio uliopinda mapema kuliko rula.

Weka tepu ya karatasi kwenye kingo zilizonyooka tu. Mapindo ya 3 na 8 yapitishe kwa mkono. Nyeupe ya herufi isiwe kali mno: tone dogo la rangi ya krimu linaiondolea sura ya upya. Tepu ing'olewe rangi ikiwa bado mbichi. Mara ya kwanza niliiacha hadi asubuhi, ikaondoka na nusu ya herufi, nikaanza upya kwenye praima.

Hatua ya 4: Kibao cha mbele

Kile kibao kama ubapa wa kisu juu ya madigadi ya mbele hakikuwa lazima tena kuanzia 1975, na aliyewahi kugongwa nacho hakukililia. Lakini pikipiki ya 1950 bila hicho inaonekana uchi. Huandikwa pande zote mbili, kwa herufi ndogo kuliko za nyuma, na mstari wa namba hufuata mkunjo wa madigadi. Kata kipande cha kadibodi kwa umbo la kibao, chora mkunjo juu yake, ndipo upange herufi. Ukizipanga kwa rula iliyonyooka, zitaonekana zinateleza kuelekea taa.

Mwisho funga kwa boliti za aina iliyokuwepo, weka washa za mpira katikati ya bati na madigadi, na uhakikishe taa ya nyuma inamulika namba usiku.