Jinsi ya kujua mtaa wako unapigaje kura

Watu wa Mombasa tukikaa maskani kila mtu anajua mtaa ni wa nani, lakini muulize umejuaje, hana jibu, ameona tu bendera na tisheti. Usianzie hapo. Anza na fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kila kituo, ya 2022 iliwekwa kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, kila mtu akaiona. Tafuta shule yenu, angalia stream zote, yaani vile vituo shule imegawanywa, maana kituo kimoja mwisho ni wapigakura 700, kwa hivyo shule moja ina karatasi kadhaa, jumlisha mwenyewe.

Halafu usichukue Mvita nzima, eneo bunge lote, ukasema Majengo ni hivi. Majengo, Tudor na Ganjoni wote wamo Mvita lakini maisha ni tofauti kabisa, shuka mpaka wadi.

Sasa hapa ndo pana utamu. Rais sio chama, na chama sio mtu. Angalia Nyali, Mohamed Ali alishinda ubunge 2017 bila chama, 2022 akashinda tena na chama cha UDA, sasa ukisoma chama peke yake si utapotea jamani?

Angalia na waliojitokeza pia. 2022 kura ya gavana kwetu iliahirishwa kutoka Agosti 9 mpaka Agosti 29, linganisha hizo siku mbili kituo kwa kituo, na wale walioandikishwa wakabaki nyumbani wahesabu, hao mi naona ndo wa kuongea nao kwanza.