Jina la shamba: lijaribu kwa bodaboda kwanza

Kabla hujamlipa mchoraji wa kibao, mpigie simu bodaboda umwambie, "Niletee mifuko miwili ya pumba pale Mfenesini." Akiuliza "wapi?" mara tatu, tafuta jina jingine.

Mimi naona mti uliopo shambani unatosha. Ndivyo wazee walivyofanya: Mikocheni ya Dar es Salaam ni kwenye mikoche, na akina Mbuyuni wametapakaa mikoa mingi. Chukua mti, kisima au jiwe lililopo, tia -ni mwishoni, basi. Shida yake ni kwamba linaweza kugongana na la jirani. Hapo ongeza kitu ambacho ni cha kwako tu: Mfenesi Pacha, Kisima cha Bibi.

Usilifunge jina kwenye mifugo ya leo. "Kuku wa Nyumbani" linapendeza kwenye trei za mayai, lakini mwakani ukihamia mbuzi wa maziwa utaeleza mpaka uchoke. Na la mtoto wa kwanza? Subiri wa tatu aanze kuuliza lake liko wapi.

Kama utauza bidhaa kwa jina hilo, litafute kwanza mtandaoni: Tanzania kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na Kenya kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Sisi tulikuta letu lina mwenyewe na kibao kimeshachorwa, rangi ya kijani na nyeupe. Sasa ni mlango wa banda la mbuzi.