Jinsi ya kuikagua rivolva kubwa ya polisi wa zamani kabla hujatoa pesa

Huku Texas ninakoishi, maonyesho ya silaha hayakosi rivolva za Smith & Wesson za fremu kubwa, ile wanayoiita N, zilizokaa viunoni mwa polisi wa barabara kuu miaka nenda miaka rudi. Anayeniuliza aanze na ipi humwambia Highway Patrolman. Ilitoka 1954, ikaitwa Modeli 28 kuanzia 1957, ikaachwa kutengenezwa 1986. Mtambo wake ni ule ule wa Modeli 27 inayotumia risasi za .357 Magnum, ila haikung'arishwa, ili bei iwe ya askari na si ya tajiri.

Omba ruhusa ya mwenye meza kwanza. Elekeza mtutu pasipo na mtu, sukuma kitasa cha kushoto kwenda mbele (Colt huvutwa nyuma), toa silinda, kagua matundu yote sita kwa jicho kisha kwa kidole, hata kama muuzaji ameapa kuwa ni tupu. Irudishe kwa mkono, taratibu. Ukimwona muuzaji anaifunga kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama muigizaji wa sinema, shuku kila kilicho mezani pake: mkono unaobeba silinda hupinda kwa mchezo huo, na ukishapinda matundu hayakai tena sawa na mtutu.

Sasa sura. Silaha ya polisi huliwa na mkoba wake: rangi imetoka ncha ya mtutu na kingo za silinda, mpini umechubuliwa na mlango wa gari. Hilo lisikutishe. Wengi waliibeba kila siku na kuifyatua siku za mazoezi tu, kwa hiyo ndani mara nyingi ni nzima. Ninayoiogopa mimi ni ile inayometameta. Tazama nyundo na kifyatulio: kiwandani viliivishwa kwa moto vikatoka na mawimbi ya kijivu, hudhurungi na buluu. Ukivikuta vyeusi sawa na fremu, kuna mtu amepaka rangi upya. Pitisha ukucha kwenye matundu ya skrubu. Kama kingo zimelala na nembo ya kiwanda imefifia, mashine ya kusugua imepita hapo, na thamani imepita nayo.

Namba ya silaha iko chini ya mpini. Za baada ya vita huanza na S, kisha N kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Tangu 1957 namba ya modeli nayo imegongwa ndani ya fremu, pale mkono wa silinda unapojificha ukifungwa. Nyota ndogo kando ya namba ni alama kwamba ilirudi kiwandani kutengenezwa; hiyo si aibu.

Upande wa mtambo, vuta nyundo polepole kwa kidole gumba, tundu kwa tundu. Silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ukiisha kuivuta, isukume nyundo mbele kidogo bila kugusa kifyatulio: ikianguka, rudisha mezani, shukuru, ondoka. Kisha shika silinda uisukume mbele na nyuma, na upime mwanya wake na mtutu. Inchi 0.006 ni nzuri, ikikaribia 0.012 mimi naacha.

Heavy Duty ya .38/44, rivolva nyingine ya fremu N, ina mtego wake. Ilitoka 1930, polisi wakihitaji risasi ya kupenya bodi za magari ya majambazi, nayo hutumia .38 Special yenye baruti kali. Baadhi matundu ya silinda yalichimbwa zaidi baadaye ili zipokee .357. Mpe fundi azipime. Iliyochimbwa si ya bei ya iliyo nzima.

Jina la idara ya polisi lililochongwa mgongoni mwa mpini halithibitishi kitu, maana kuchonga anaweza yeyote. Agiza barua ya Smith & Wesson Historical Foundation, inayotaja tarehe na mahali silaha ilikopelekwa. Kwa Registered Magnum ya 1935, rivolva ya kwanza ya .357, ambayo ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, barua itangulie pesa. Hadithi ya muuzaji haiandikwi kwenye risiti.

Kwa ndugu zetu wageni: ukiwa na viza ya muda, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki. Mwenye ukazi wa kudumu anunue kwa muuzaji mwenye leseni, ajaze fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha.

Na ukipata ruhusa, fungua skrubu ya mpini kwa bisibisi inayoenea vizuri. Kwenye za zamani, ndani ya ubao wa kulia hukutwa namba imegongwa au kuandikwa kwa penseli. Ikilingana na ya chini, ongeza dola kadhaa bila kunung'unika.